Maswali Yenu: Hesabu ya Korona na Kufungwa

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba kufungwa kwa Kilifi mwaka 2020 kuliokoa watu na kuumiza watu, na kwamba waliookolewa siyo walioumia. Kumbe nimechokoza nyuki. Simu yangu haijapumzika tangu siku ile. Kuna wanaotaka niseme korona ilikuwa uongo wa wazungu, na kuna wanaotaka niseme kila aliyelalamikia njaa hakujali roho za wazee. Hamtayapata kwangu hayo. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka 31 kabla ya kustaafu, dada yangu nilimzika kwa ugonjwa huo Agosti 2021, na mpwa wangu alivunjwa mkono kwa ajili ya kafyu. Nachukua machache, mengine mniwie radhi.

Sista, nilikuwa mpishi wa hoteli Watamu. Korona haikuua mtu ninayemjua, ila kufungwa kuliua kazi yangu. Mbona hamsemi ukweli?

Pole ndugu yangu. Ukweli nausema, lakini tuanze na tarehe. Italia ilitangaza kujifungia nchi nzima tarehe 9 Machi 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13. Wale wageni wetu ambao Malindi hata muuza vinyago huwaamkia kwa Kitaliano walikuwa wameshakatika kabla Kilifi haijafungwa. Ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa tarehe 25 Machi, na Kilifi ikafungwa, haingii mtu hatoki mtu, tarehe 8 Aprili. Hoteli yako ingebaki wazi, hiyo pasta ungempikia nani?

Tena Aprili kusi huwa linaingia. Wewe mtu wa Watamu wajua kwamba Mei na Juni hoteli nyingi hupunguza watu kila mwaka, bahari inachafuka, mchanga unajaa mwani. Kufungwa kwa Kilifi kuliondolewa tarehe 7 Juni na ndege kutoka nje zikaruhusiwa tarehe 1 Agosti, lakini wageni walirudi kama mvua ya rasharasha. Kazi yako mimi naiandika kwenye daftari la hasara za ugonjwa, wala si la hasara za amri ya serikali. Najua haikupi unga.

Anayedai kwenye daftari la amri ni mama karanga. Huyu hununua samaki mchana, akakaanga alasiri, akauza magharibi na isha watu wakitoka kazini na msikitini. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Soko lake lote liliangukia ndani ya saa zilizopigwa marufuku. Serikali ikapunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, ikawasamehe kodi ya mapato wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Vizuri kwa mwenye hati ya mshahara. Mama karanga hakuwa akidaiwa kodi hiyo, sasa utamsamehe nini? Kilichomfikia ni kutumiwa pesa kwa M-Pesa bila ada, kama hazizidi shilingi 1,000, na sahani ya jirani.

Sista, vifo vyote vya korona Kenya ni 5,600 na kidogo. Ajali za barabarani huua maelfu kila mwaka na hatufungi barabara. Ilikuwa na haja gani?

Matatu ikipinduka Kikambala haiambukizi matatu ya Gongoni. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza, na kwangu inatosha, lakini idadi yenyewe pia ina mambo.

Hao 5,600 ni waliopimwa wakaandikwa. Sisi huku maiti hailazwi. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri tumeshamzika, na hakuna aliyempima. Watafiti wa KEMRI-Wellcome, hapa hapa Kilifi, walichunguza damu iliyotolewa na wachangiaji kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Walikadiria kwamba watu kama 4 kwa kila 100 nchini walikuwa na kinga inayoonyesha wamepitiwa na virusi, na Mombasa kama 8. Wakati huo wagonjwa waliotangazwa nchi nzima hawakufika hata 5,000. Hapo kila upande hupata chake. Anayesema ugonjwa ulienea kuliko tulivyoambiwa yuko sawa, na anayesema haukuua kwa kiasi kilichohofiwa yuko sawa pia, kwa kuwa walioambukizwa walikuwa wengi mno kuliko waliokufa. Karibu nusu ya Wakenya hawajatimiza miaka ishirini, na ugonjwa huu uliwala wazee na wenye sukari na presha.

Dada yangu alikuwa na miaka 63, na sukari. Kufungwa, kukiwa na faida, faida yake ni kununua muda hadi dawa ifike. Chanjo za kwanza, zaidi ya dozi milioni moja, zilitua Nairobi tarehe 3 Machi 2021, na watu wa rika lake wakaitwa mapema. Yeye akasema atangoja aone waliochanjwa watakuwaje. Mimi mwenyewe sikumsukuma vya kutosha, kwa maana tulikuwa tumegombana kuhusu jambo jingine la shamba. Agosti, wimbi la Delta, tulikuwa tunatafuta mtungi wa oksijeni usiku kama mtu atafutaye mbuzi aliyepotea. Muda ulikuwa umenunuliwa kwa jasho la kina mama karanga, na sisi hatukuutumia.

Watanzania hawakufunga na hawakufa. Eleza hapo.

Hawakufa kwa hesabu ya nani? Takwimu zao zilikoma mwanzoni mwa Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye pwani yote ilimlilia, chama chake kilitangaza kwamba ana korona, na akafariki tarehe 17 Februari 2021.

Lakini nawe usidhani kufunga peke yake ni kinga. Peru walifunga katikati ya Machi 2020, wanajeshi barabarani, mapema na kwa ukali kutushinda. Mwisho wake wamezika zaidi ya watu 200,000, na ukilinganisha na idadi yao ni miongoni mwa nchi zilizopoteza watu wengi zaidi duniani. Oksijeni ilikuwa haba, na watu wengi walikula walichokipata siku hiyo hiyo. Nyumba nyingi hazikuwa na friji, kwa hiyo kila asubuhi watu walirudi sokoni wakabanana. Soma tena sentensi hiyo, kisha uifikirie mitaa yetu kama Maweni au Kisumu Ndogo, mtu ananunua mafuta ya kupimiwa na nyanya mbili. Amri ya kukaa ndani ilitungwa kwa ajili ya mwenye friji.

Sista, binti yangu alikuwa kidato cha pili shule zilipofungwa. Akapata mimba. Mtoto sasa yuko chekechea na mamake hakurudi darasani. Haya mnayaandika daftari gani? (Mama, Mambrui)

La amri, mama. Na nusu ya ukurasa huo nimeuandika mimi.

Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi tarehe 12 Oktoba, na wengine, pamoja na binti yako, hadi tarehe 4 Januari 2021. Huko Siaya watafiti walilinganisha wasichana wa sekondari waliokumbwa na kufungwa huko na wale waliomaliza kabla yake. Hatari ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule ilikuwa maradufu, na ya kuacha shule mara tatu. Siaya si Mambrui, lakini sababu zinafanana. Shule ni sahani ya mchana, na ni saa nane za siku ambazo mtu mzima anajua msichana yuko wapi. Mama yake kakosa soko, sodo hazinunuliki, na kuna kijana mwenye pikipiki na shilingi mia mbili. Masomo yalipelekwa redioni, ndiyo. Redio haimuulizi msichana mbona siku hizi amekuwa kimya.

Kufunga mwezi Machi sikulaumu, maana hakuna aliyejua tunapambana na nini. Ninacholaumu ni Julai. Tulikwishaona kwamba watoto ni nadra kuugua vibaya, tukafungua barabara, tukafungua ndege, shule tukaziacha na kufuli. Nami Juni ile nilikaa barazani nikawaambia watu kwamba heri mtoto apoteze mwaka kuliko kumpelekea bibi yake ugonjwa. Nilisema kwa sauti, kwa ile jeuri yetu ya watu wa hospitali. Nilikosea.

Sasa binti yako. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwalimu mkuu hana haki ya kumfukuzia mlangoni. Akiona haya kuvaa sare na wadogo zake, anaweza kusoma nje na kujiandikisha KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na usiende peke yako. Chukua mtu mwenye mdomo.

Mwanangu, nina miaka 76. Misikiti ilipofunguliwa tukaambiwa waliozidi miaka 58 wasije. Ilikuwa haki? (Mzee, Lamu)

Shikamoo baba. Ya kujiepusha haina tatizo kwenye dini, na wewe wanishinda kuijua: tauni ikiwa mahali usiingie, ikikukuta usitoke. Sayyidna Umar aligeuza njiani akielekea Sham, akaulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, akasema anaikimbia kwenda kwenye kadari ya Mungu. Na kwa umri wako hatari ilikuwa kubwa mno kuliko ya mjukuu wako.

Ninachokataa ni sheria yenyewe ilivyokatwa. Watu mia, saa moja, mzee abaki nyumbani. Mzee wa Lamu asipoonekana msikitini siku mbili ndipo watu hujua anaumwa. Mngewekewa jamvi uani kwenye upepo, mmoja huku, mwingine kule. Ndani ndiko kulikokuwa na hatari, na ndani ndiko mlikorudishwa, kwenye chumba kimoja na wajukuu wanaotoka kila siku.

Kafyu ilisaidia nini? Virusi hutembea usiku? (Bodaboda, Muyeye)

Wallahi, mimi pia niliuliza. Walikusudia kupunguza mikusanyiko, wakazalisha mkusanyiko mkubwa kuliko wote, saa kumi na mbili na nusu jioni, kila mtu akikimbilia nyumbani. Likoni siku ya kwanza abiria wa feri walirushiwa mabomu ya machozi, wakikohoana. Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa barazani ghorofani kwao. Mpwa wangu alikuwa akitoka kumpeleka mke wa jirani kujifungua. Lamu walikuwa washaionja kafyu mwaka 2014 baada ya shambulio la Mpeketoni, wangeweza kutwambia. Iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Katika yote yaliyofanywa, hii ndiyo nisiyoweza kuitetea.

Ikija nyingine tufungwe tusifungwe?

Viwanja vya ndege, mara moja. Harusi na matanga, wiki za mwanzo, naam, na mtanichukia. Mji mzima, kwa siku zinazohesabika tu, na unga ufike mlangoni kabla ya polisi. Shule mwisho kufungwa, mwanzo kufunguliwa. Na mitungi ya oksijeni ijazwe sasa, wakati hakuna anayeitafuta.

Sista, bado nivae barakoa?

Ukiwa na kikohozi na unakwenda kumtazama nyanya yako, vaa. Ukiwa peke yako juu ya pikipiki, vaa helmeti.