Re: Nikihamisha kitanda kwa feng shui, riziki itafunguka?

Dada, umeuliza kama kuhamisha kitanda na kioo kutakufungulia riziki. Riziki siwezi kukuahidi, ila usingizi naamini utapata nafuu.

Feng shui, elimu hii ya Wachina ya kupanga makazi, ilihusu kuchagua mahali pa kujenga na pa kuzikia: mlima nyuma kukinga upepo wa baridi wa kaskazini, maji mbele, nyumba ielekee kusini kwenye jua. Ni akili ya watu walioijua baridi kali. Kwa hiyo usiinakili kichwakichwa ukiwa Dar, ambako sehemu kubwa ya mwaka jua linapita kaskazini na upepo tunautafuta.

Kitanda sasa. Ukilala uuone mlango, lakini miguu isiuelekee moja kwa moja, na kichwa kiwe upande wa ukuta, si dirishani. Anayeona nani anaingia hulala ametulia. Kioo kigeuze, usiku kila kivuli kinakushtua.

Na mazingira yanagusa mwili kweli. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliopasuliwa mfuko wa nyongo na dirisha lao likatazama miti waliruhusiwa mapema, na walitumia dawa kali za kutuliza maumivu kwa kiasi kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Hao wanaokuuzia sanamu za chura wa bahati, achana nao. Anza na yale maboksi uliyosema yameziba dirisha. Yatoe leo hii.