Ubia wa Kulinda Miamba Uanze na Anayeshika Sululu

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja kutoka Rungwe. Kijijini kwao kuna maporomoko yenye ukuta wa miamba ya volkano, wageni wameanza kufika, na yeye na wenzake saba wameanzisha kikundi cha kuyalinda. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, tupate wapi wabia wenye nguvu?" Nililisoma mara tatu. Ndilo swali nililokuwa nauliza mimi mwaka 2018, na jibu nililolipokea wakati ule linaniuma hadi leo.

Mimi ni mwongoza watalii, mzaliwa wa Karatu. Nimekulia chini ya nyanda za juu za Ngorongoro nikijua kwamba pale kuna wanyama na wageni huja kuwaona. Ni kazi iliyonifundisha kutazama chini. Ile kreta ya Ngorongoro, yenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600, ni mlima mkubwa wa volkano uliobomokea ndani yake zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, hutoa lava ambayo hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa: inatoka nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, na baada ya siku chache hewani inageuka nyeupe. Mara ya kwanza nilipomsikia mtaalamu akieleza haya, nilikuwa nimeshawapitisha wageni njia ile kwa miaka sita bila kuwaambia neno.

Kwa hiyo Aprili 2018, UNESCO ilipoitambua Ngorongoro Lengai kuwa Jiopaki, yaani eneo ambalo miamba na sura ya ardhi yake vina thamani ya kimataifa, nililipokea kama jambo langu binafsi. Eneo lake ni kilomita za mraba 11,886, katika wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Ukitazama ukubwa huo utaelewa kwamba hakuna ofisi moja inayoweza kuulinda mzigo wote. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ipo, halmashauri za wilaya zipo, na kati yao kuna vijiji, wafugaji, wakulima, waongoza watalii na wenye hoteli. Utaratibu wa UNESCO wenyewe unataka hivyo: jiopaki iwe na chombo cha usimamizi kinachotambulika kisheria, iwe na mpango kazi, na wenyeji washiriki. Hadhi inatolewa kwa miaka minne tu. Baada ya hapo wakaguzi wanarudi. Ukipata kadi ya kijani unaendelea miaka mingine minne, ya njano unapewa miwili ujirekebishe, nyekundu unavuliwa hadhi.

Basi na mimi nikataka ubia wangu.

Kuna korongo moja nje kidogo ya mji, kijiji sitakitaja. Ukuta wake una urefu wa kama nyumba ya ghorofa mbili, na ukisogea karibu unaona matabaka: la kijivu, laini, ukilikwaruza kwa ukucha linatoka unga, juu yake lenye vijiwe vyepesi vyenye matundu, kisha la kijivu tena. Ni majivu ya volkano yaliyoanguka kwa nyakati tofauti yakashikana. Vijana wa pale walikuwa wanauchonga ukuta ule na kuuza mawe ya kujengea. Nilipoona tipa mbili zikipakia siku moja, moyo ulinienda mbio.

Nikaanza kutafuta wakubwa. Nilivaa shati jeupe, nikazunguka ofisini, nikapata kampuni moja ya utalii iliyosema itasaidia. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli: watu wa kampuni, ofisa mmoja, mimi na wenzangu wawili. Tukasaini hati ya makubaliano ya kurasa 14, yote kwa Kiingereza. Tukapiga picha. Wiki ile nilitembea mjini nikijiona nimeuokoa ukuta.

Lilisimikwa bango: MARUFUKU KUCHIMBA. Baada ya wiki mbili halikuwepo. Baada ya mwezi, kipande cha ukuta nilichokipenda kuliko vyote, pale ambapo lile tabaka la vijiwe lilikuwa limejikunja kama mkeka, kilikuwa kimeshakatwa na kupelekwa kujengea fremu za maduka. Nilisimama pale nikalia. Kampuni ilitumia picha zetu kwenye matangazo yake msimu mzima, halafu simu zikaacha kupokelewa. Sina kesi nao tena, lakini ukiniuliza kama nimesahau, sijasahau.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja ambaye mwanawe ni mchonga mawe. Nilikwenda kumlalamikia. Akanisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha chai, ndipo akasema: "Mwanangu, wewe ulituita kwa bango."

Dada yangu wa Rungwe, hapo ndipo lilipo jibu lako, na kama hutasoma zaidi ya hapa inatosha. Usianze na mwenye nguvu. Anza na yule anayeshika sululu, anayechunga pale, anayeteka maji pale.

Nilirudi korongoni bila shati jeupe. Nilikaa na vijana wale wanakofanyia kazi, siku nyingi, nikibeba mawe pale walipohitaji mkono. Mmoja wao, hajafika hata miaka 25, alinionyesha kitu ambacho sijakisikia katika semina yoyote. Alipiga ukuta kwa mgongo wa sululu, mahali baada ya mahali. "Hili linalia," akasema, na kweli lililia ngo! Akasogea hatua moja. "Hili halilii." Likatoa sauti ya bu, kama kugonga gunia la mahindi. Alikuwa anayajua matabaka yote kwa sikio. Anajua lipi linapasuka vibaya, lipi lina alama za majani ndani yake, na upande upi wa korongo ni jiwe tupu lisilo na cha kuonyesha mtu. Mimi nilikuwa nimemwekea bango huyu.

Makubaliano ya pili hayakuwa na hoteli. Tulichora ramani chini kwa kijiti: kuchonga kuhamie upande wa chini, ukuta wenye matabaka ubaki. Ikapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, ikapingwa, ikarudi, ikapingwa tena. Kina mama waliokuwa wanawauzia chakula wachonga mawe walitaka kujua wateja wao watahamia wapi. Nami sikuwa nimewafikiria kabisa. Ilichukua miezi 14. Halmashauri tuliifuata mwisho, tukiwa na muhtasari wa kijiji mkononi, na safari hii tulisikilizwa kwa dakika nyingi kuliko nilizowahi kupewa na shati langu.

Kama unadhani hili ni la korongo dogo tu, tazama Laetoli, humu humu Ngorongoro. Zile nyayo za mababu wa kale wa binadamu, za miaka milioni 3.66, zilizobaki kwenye majivu ya volkano, zilifukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kisha zikafukiwa ili zihifadhike. Udongo wa kufukia ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikaanza kutishia nyayo zenyewe. Miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale na taasisi ya Getty ya Marekani walishirikiana kuzifukua, kuzitibu na kuzifukia upya kwa utaalamu. Lakini hawakuishia kwenye utaalamu. Walikaa na Wamaasai wa eneo lile, wakawaeleza kilichopo chini na kwa nini kinafukiwa, na kiongozi wao wa kimila akafanya tambiko pale. Mtaalamu hukaa msimu mmoja akaondoka. Mchungaji anabaki na ule udongo mwaka mzima.

Na siwezi kuandika kuhusu ubia huku kwetu nikaruka jambo zito. Tangu 2022 familia zimekuwa zikihama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wapo wakazi wanaosema hawakusikilizwa. Hifadhi hii ilianzishwa 1959 kwa wazo la watu, mifugo na wanyama kuishi pamoja, kwa hiyo kila anayesema neno "ushirikishwaji" katika ardhi hii analisema mbele ya watu wanaolipima. Ukiwaita watu, waite kabla hujaamua. Nimelirudia hili kwa vikundi vinne vilivyonitembelea, na vitatu vilikwenda moja kwa moja kutafuta mfadhili.

Kuhusu fedha nitasema machache. Kiingilio wanacholipa wageni korongoni kinasomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi chini ya mti, shilingi kwa shilingi, hata mwezi ambao wageni walikuwa sita. Vipande vya mwamba hatuuzi, hata mgeni akilia. Na hati iandikwe kwa Kiswahili, isomwe yote mbele ya watu, hata kama jua linazama.

Mwezi uliopita, saa tano usiku, dereva wa tipa kutoka mbali alikuja na vibarua wake kuchimba kwenye ukuta. Sikuwa na habari. Nilipigiwa simu asubuhi na yule kijana wa sululu, akaniambia walishamrudisha, wao saba na tochi zao, na jina la mwenye gari limeandikwa kwenye daftari la mtendaji. Nilikwenda kutazama. Palikuwa na alama za matairi hadi hatua 20 kutoka ukutani, kisha zimegeuka.

Dada, nimeona kwenye picha yako watu wanaponda kokoto upande wa kushoto wa maporomoko. Nenda kwao kesho, usiende na karatasi. Halafu niandikie walichosema.