Mguu wa Kushoto Haukuwa na Kosa

Jumamosi iliyopita nilitolewa katika raundi ya kwanza ya mashindano ya ruwaza za taekwondo, yaani mifululizo ya mateke, ngumi na kinga iliyopangwa tayari, na kilichonitoa ni Won-Hyo, ruwaza niliyojifunza nikiwa bado na mkanda wa kijani. Wenzangu wa ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo, wanajua jinsi raundi hizi zilivyo: washindani wawili husimama sambamba, hufanya ruwaza ileile kwa wakati mmoja, na waamuzi humchagua aliyeifanya vizuri zaidi. Hakuna pa kujificha, kwa sababu kila unapokosea, mtu aliye hatua chache kando yako anaonyesha jinsi ilivyopaswa kuwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ruwaza ngumu za mkanda mweusi, na niliposikia Won-Hyo ikitajwa, nakiri kwamba nilitabasamu.

Won-Hyo ina miondoko 28. Katika muondoko wa saba unasimama kwa mguu wa kulia, goti likiwa limekunjwa kidogo na wayo wa kushoto umeinuliwa hadi gotini. Wa nane ni teke la pembeni la mguu wa kushoto. Nililipiga, na lilifika usawa nilioutaka. Kisha, kabla sijaukunja mguu kuurudisha, kisigino cha kulia kikayumba, vidole vikang'ang'ania mkeka, na mguu wa kushoto ukashuka kama mzigo ulioponyoka mabegani, wakati mwenzangu alikuwa bado ameukunja wake hewani, ametulia kama korongo. Miondoko 18 baadaye tulipiga teke lilelile kwa mguu wa kulia, na langu lilikuwa zuri kuliko lake. Nasema hivyo bila kuona haya, kwa kuwa video ninayo. Hakuna mwamuzi hata mmoja aliyenichagua.

Usiku ule niliitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima. Kwa miaka tisa nimekuwa nikimwambia kila anayenisikiliza kwamba mguu wangu wa kushoto ni dhaifu. Nimeunyoosha, nimeufunga uzito kifundoni, nimeupigisha mateke ya ziada, na kila uliponiangusha nimeulaumu kama mtoto mtukutu. Nilipoipunguza kasi ya video niliona jambo ambalo lilinitia aibu: mguu wa kushoto ulikunjwa vizuri, ulinyooka vizuri, na ubapa wa wayo ulikaa sawasawa. Ulioshindwa ni wa kulia, uliokuwa umesimama.

Tafakari kidogo nawe utaona kwamba haingeweza kuwa vinginevyo. Anayependa kupiga kwa mguu wa kulia huwa anaufundisha wa kushoto kusimama, siku baada ya siku, pasipo kujua. Siku anapotakiwa kupiga kwa kushoto, anaukabidhi mguu wa kulia kazi ambayo haujawahi kuifanya kwa dhati, halafu teke linapoharibika anaulaumu ule ulio hewani. Mguu unaopiga huonekana na kila mtu; wa kusimamia hakuna anayeupiga picha.

Ruwaza zetu zenyewe zina mchango wake katika tatizo hili. Jenerali Choi Hong Hi, aliyeanzisha ITF mwaka 1966, aliweka miongoni mwa masharti ya ruwaza kwamba mashambulizi na kinga vigawanywe sawa kati ya kushoto na kulia. Won-Hyo inalitii sharti hilo vizuri, maana kila teke la kushoto lina mwenzake wa kulia. Lakini ukifika ruwaza ya Hwa-Rang, mateke ya mzunguko ni mawili, moja kwa kila mguu, ilhali teke la pembeni ni moja tu, nalo ni la kulia. Katika Choong-Moo teke la kuruka ni moja, na hilo pia ni la kulia. Nilizirudia ruwaza hizi mbili kwa miaka nikijiona mtu wa bidii, na kila marudio yalikuwa yakiongeza tofauti kati ya miguu yangu.

Jumapili nilijipima. Nilisimama peku kwa mguu mmoja, macho yakiwa yamefumbwa, na goti la pili likiwa limeinuliwa kama katika muondoko wa saba. Kwa mguu wa kushoto nilifika sekunde 26. Kwa wa kulia, ambao ndio ninaojivunia, nilifika sekunde 11 nikakamata kiti.

Basi ushauri wangu ni huu: fundisha mguu wa kusimamia. Piga teke polepole mno, kwa hesabu ya nane kwenda na nane kurudi, ukiutazama wayo ulio chini badala ya ule ulio juu. Katika teke la pembeni kisigino cha mguu wa kusimamia lazima kigeuke kuelekea shabaha. Kisipogeuka, nyonga hufunga, na goti ndilo linalosokotwa. Mimi nimechora alama ya chaki sakafuni ili nijue kama kisigino kimegeuka kweli au nimejidanganya. Na anza kila zoezi kwa upande usioupenda, kabla hujachoka. Wengi wetu huanza na upande mzuri ili tujifurahishe, kisha tunaupa upande mwingine makombo ya nguvu zetu. Acheni tabia hiyo.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu wangu hakubaliani nami. Naamini kwamba teke la kulia lishushwe hadi usawa ambao la kushoto linaweza kuufikia kwa utulivu, kwa sababu jicho la mwamuzi huiona tofauti kati ya mateke mawili upesi kuliko linavyouona urefu wa moja. Yeye anasema kwamba huko ni kujifundisha unyonge. Labda anasema kweli, lakini si yeye aliyesimama kando ya yule korongo.

Tangu Jumatatu nimekuwa nikiifanya Hwa-Rang kinyume, kila kulia kikiwa kushoto, ili lile teke moja la pembeni lipigwe kwa mguu wa kushoto na mguu wa kulia ujifunze kubeba mwili. Ni kazi ya kumdhalilisha mtu mwenye mkanda mweusi. Ruwaza inatakiwa kuishia mahali ilipoanzia. Leo asubuhi niliupiga muondoko wa 29, nikainua macho, nikakuta nimeelekea ukutani, hatua mbili nje ya alama yangu ya chaki. Teke lenyewe, hata hivyo, lilirudi likakunjwa, na kisigino hakikuyumba.