Glanza V inayotoa moshi mweusi: pima kwanza, shokapu zije baadaye

Mkuu umesema Toyota Starlet Glanza V yako inatoa moshi mweusi, ukiwa kwenye foleni inanuka petroli, mafuta inakunywa balaa, na fundi ameshakwambia ununue nozeli (zinazopuliza petroli) seti nzima pamoja na kontroli boksi (kompyuta ya injini), na bado unataka kuishusha gari iwe chini zaidi. Mimi natembelea EP91, yaani Glanza hiyohiyo, ya 1997, injini ya turbo 4E-FTE kama yako, na huo ugonjwa iliwahi kuwa nao mpaka ukaisha kabisa, kwa hiyo nakuomba usitoe hela yoyote kabla hujapima.

Kwanza ujue hii gari haina airflow, yaani sensa ya kupima hewa inayoingia. Inasoma presha ndani ya manifodi (mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda) kwa MAP sensa, kontroli boksi inakadiria hewa kutoka hapo. Ndo maana wanaokwambia badilisha eya klina wanakupotezea muda, ikiziba gari itakosa nguvu ila haiwezi kumwaga mafuta kiasi hicho. Ile valvu ya turbo inayopumulia nje nayo inasingiziwa tu, inasumbua gari za airflow. Wa kumuangalia ni ule mpira mwembamba unaotoka manifodi kwenda kwenye MAP sensa, ukipasuka sensa inasoma presha kubwa kuliko iliyopo, boksi inadhani umekanyaga hasa, inamwaga. Mpira wenyewe kama ni wa kiwandani una miaka zaidi ya 25, ukunje pale mwishoni unapoingia kwenye bomba, ukiona nyufa weka mpya.

Halafu fungua kile kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi on bila kustati, hesabu taa ya injini inavyopepesa. 21 ni oksijeni sensa (ya kwenye ekzosti), 22 sensa ya joto la maji, 31 MAP. Ila kukosa kodi (namba hizo za hitilafu) hakumaanishi sensa ni nzima, maana boksi inalalamika waya ukikatika au ukipiga shoti, sensa ikidanganya kiasi inaiamini tu.

Na kwangu ilikuwa hiyo, sensa ya joto la maji, haina kodi wala nini. Ni ile ya soketi ya pini mbili, usichanganye na ya geji ambayo ni pini moja. Chomoa soketi, weka mita kwenye ohms: maji yakiwa nyuzi 20 inasoma 2,000 mpaka 3,000 hivi (kwa joto la Dar asubuhi itakuwa chini ya hapo), yakifika 80 iwe kati ya 200 na 400. Ya kwangu injini imechemka kabisa inagoma juu ya 1,000, yaani boksi muda wote inaamini gari bado ya baridi. Na angalia themostati (valvu inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto) kama ipo! Mafundi wetu wanazitoa eti nchi yetu ya joto haihitaji, kumbe injini ikikosa kupata moto wake boksi inaendelea kuongeza mafuta. Hili linaniuma sana maana wanaua injini nzuri, petroli ya ziada inaosha oili kwenye silinda na kuishia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Nusa dipstiki yako, ikinuka petroli badilisha oili ukishamaliza tatizo.

Regyuleta ya mafuta ni fasta, chomoa mpira wake wa vakyumu, ukikuta petroli ndani diaframu imekufa. Oksijeni sensa iache mwisho. Gari ikiwa ya moto kwenye rpm 2,500 volti zinatakiwa zirukeruke kati ya 0.1 na 0.9. Zikiganda juu, sensa inasema kweli, mafuta yamezidi. Zikiganda chini na moshi mweusi unauona, ama sensa imekufa au ekzosti inavuja kabla yake, inavuta hewa ya nje na boksi inaongeza mafuta bure.

Sasa kuishusha. Springi za kukata hapana kabisa, haikai sawa kwenye kikombe chake na ukiruka tuta inacheza. Anza na mipira. Fungua boneti, weka kiganja juu ya maunti ya shokapu, mtu azungushe usukani gari ikiwa chini, ukisikia springi inakwama halafu inaachia kwa kishindo, bearing ya maunti imekwisha, na hapo hata koilova (shokapu na springi za kurekebisha kimo) ya bei mbaya utaona mbovu. Kagua bushi za wishboni (mikono ya chini inayoshika tairi), boljointi, tairodi, linki za stabilaiza. Mimi niliweka bushi za mpira za orijino, shokapu mpya za KYB na springi fupi za kushuka kama milimita 25, na kona za gari zilibadilika kabisa. Zaidi ya hapo siipendi, wishboni zinainama kuelekea juu, gari inalala zaidi kwenye kona, na kwa matuta ya barabara ya Morogoro utaacha sampu njiani.

Fundi asikaze nati za bushi gari ikiwa juu ya jeki. Alegeze, ateremshe gari isimame kwa matairi yake, ndo akaze, la sivyo mpira unabaki umejipinda na utachanika mapema. Kisha kafanye alaimenti siku hiyohiyo, maana gari ikishuka tairodi zinabadilisha toe (matairi kuelekea ndani au nje) na tairi zinaliwa upande mmoja haraka. Ukishapima ile sensa ya maji weka namba hapa, ya baridi na ya moto zote mbili, tuone.