Sindano za sikioni zimenisaidia, lakini vidonge sikuacha

Dada, umeuliza mambo mawili: kama sindano za sikioni zitampunguzia mama maumivu ya viungo yaliyomwanza baada ya matibabu ya saratani ya matiti, na kama ni kweli akizianza anaweza kuacha vidonge. La pili nalijibu kwanza. Asiache! Anayemwambia aache, mkimbieni.

Nami, kama mama, namezeshwa vidonge vya kuzuia estrojeni, homoni ya kike inayoweza kuilisha saratani ya matiti, tangu nilipofanyiwa upasuaji. Miezi michache tu, asubuhi vidole vikawa havikunjiki na ngazi nazipanda kwa kushika ukuta. Daktari wangu wa saratani ndiye aliyeridhia nijaribu akupancha ya sikio, yaani hizo sindano, pamoja na dawa. Pamoja, si badala. Hilo neno moja ndilo linalotenganisha tiba ya nyongeza na hatari.

Mtaalamu anafuta sikio kwa spiriti, anabonyezabonyeza akitafuta palipo na maumivu, kisha anachoma. Inauma, mama asidanganywe. Machozi yalinitoka, halafu sikio likapata joto na mwili ukalegea. Wiki mbili za mwanzo sikuona tofauti. Ya tatu nililala usiku mzima bila kuamshwa na magoti. Nafuu yangu hukaa siku mbili tatu, maumivu hurudi, ila hayarudi na ukali ule ule.

Ramani ya sikio wanayotumia ilichorwa miaka ya 1950 na Paul Nogier, daktari wa Lyon, Ufaransa. Aliwaona wagonjwa waliochomwa moto sikioni na waganga wa kienyeji, wakasema maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni yamepoa. Akalifananisha sikio na mtoto aliye tumboni kichwa chini, kichwa kikiwa kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio. Kwamba kila kiungo kina nukta yake, mimi siamini. Ninachokubali ni kwamba sikio lina neva nyingi, na tawi la vagasi, neva ndefu inayotoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, linafika kwenye kile kibonde cha karibu na tundu.

Tena kuna utafiti unaomhusu mama moja kwa moja. Ulitoka mwaka 2021, watu 360 waliopona saratani lakini wakabaki na maumivu sugu. Waliochomwa sikioni walipata nafuu kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida tu. Lakini takriban mmoja kati ya kumi wa hao wa sikioni aliacha kwa kushindwa kuvumilia maumivu ya sikio. Na mkiambiwa sindano hizi zinatibu kila kitu, kumbukeni kuna utafiti wa 2002 wa watu 620 waraibu wa kokeini: hazikuzishinda sindano za uongo, zile zilizochomwa pasipo na nukta ya tiba.

Sasa sikiliza hili vizuri. Kuna visindano vidogo vinavyoachwa sikioni siku kadhaa vidondoke vyenyewe. Siku ya nne sikio langu la kushoto lilivimba juu, jekundu, la moto, huku ndewe ikiwa nzima kabisa. Nikampigia aliyenichoma, akasema ni sumu inatoka. Haikuwa sumu, ilikuwa gegedu, ile sehemu ngumu inayolipa sikio umbo, limeingia vijidudu. Gegedu halina mishipa yake ya damu, kwa hiyo likioza haliponi upesi, na sikio linaweza kujikunja maisha yote. Hospitali walinipa antibayotiki siku ile ile, nikapona. Tangu hapo nikitaka cha kukaa nacho sikioni nabandikiwa vijimbegu kwa plasta, nakuwa navibonyeza mwenyewe.

Kabla hamjaenda, mwulizeni daktari wake kuhusu seli nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu, na mmwambie kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au ana kisukari. Sindano zifunguliwe mbele yenu. Na wewe uzihesabu zikiingia na zikitoka. Mimi moja niliikuta kwenye mto wa kulalia.