Herufi moja, shilingi elfu tano

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ni maneno gani ya Kiingereza yenye sauti moja yanayokuchanganya, nawe unayatofautishaje?", limenikuta nimekaa chini ya jibu lenyewe. Nina duka la steshenari hapa Morogoro, na juu ya mlango kuna herufi moja ambayo rangi yake haifanani na za nyingine.

Namna ya kuyatofautisha wataeleza walimu. Mimi la kwangu ni hawa wanaotucheka. Irabu zetu ni tano tu. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, kafika kidato cha kwanza anaambiwa "ship" si "sheep" na "live" si "leave". Atazisikia kwa sikio lipi?

Sasa hilo bango. Mwaka 2011 nilimwita fundi wa mabango, tukapatana sh 1,500 kwa herufi. Akaandika STATIONARY, herufi kumi, bluu ya kupendeza, nikalipa sh 15,000 bila kinyongo. Bango likakaa miezi minne. Wanafunzi walikuja kutoa kopi, akina mama walinunua madaftari, hakuna aliyepotea njia.

Siku moja akapita mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu. Nikamwamkia, akaitika "Marahaba, mwanangu," kisha akasimama na bakora yake akisoma juu, taratibu, kama anasahihisha mtihani.

"Hivi duka lako limekwama?"

"Hapana, Mwalimu, biashara inakwenda."

"Mbona umeandika limesimama?"

Pale pale, mbele ya wateja, akanipa somo: yenye A ni kitu kisichosogea, yenye E ni karatasi na kalamu. Kumbuka E ya "envelope", akasema, bahasha si unaziuza? Vijana waliokuwa wanasubiri kopi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilimrudia fundi. Akanijibu, "Bosi, mtaa mzima nimewaandikia hivyo hivyo." Kubadilisha herufi moja isomeke STATIONERY akataka sh 5,000, eti kufuta ni kazi kuliko kuandika. Nikatoa. Bluu ya kwanza ilikuwa imekwisha, E ikaja nyeusi. Tangu hapo hata asiyejua Kiingereza huniuliza ile nyeusi ina nini.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukisoma baadaye kwenye kamusi kubwa. Maneno yale mawili ni ndugu wa tumbo moja! Zamani huko Ulaya wauza vitabu wengi walikuwa wachuuzi wa kuzunguka, machinga kabisa. Aliyekuwa na kibanda chake mahali pamoja akaitwa kwa neno la Kilatini la mtu aliyesimama mahali, na bidhaa zake zikarithi jina hilo. Kumbe fundi wangu hakukosea sana, na duka langu kweli limesimama. Tena Waingereza wenyewe huyatamka sawa, kwa hiyo hapo hata sikio lao haliwasaidii.

Ndiyo maana nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kusema tuachwe. Jirani yangu bango lake bado lina A, na wateja anao kuliko mimi. Halafu wanaotucheka ndio hao hao wanaoandika "twende tukapige kula" kila uchaguzi, na hakuna anayewatoza elfu tano.

Lakini nikiri. Juzi kijana kaleta barua ya kuomba kazi chuoni nimchapie, kaanza na "Dear Principle", yaani kanuni badala ya mkuu wa chuo. Bango ni bango, anayetafuta daftari ataliona duka. Barua ile ilikuwa inakwenda kwa mtu ambaye labda naye ana bakora. Nikaibadilisha kimyakimya ikawa "Principal", nikamtoza bei ya kuchapa tu.