Maswali ya Wasomaji: Jani limekatwa, kimeng'enya bado kinafanya kazi

SWALI: Napima athari za homoni ya ABA (asidi absisiki, ishara ya ukame kwa mmea) kwenye majani ya Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara. Nayakata, nayasaga kwenye kinu kilichopozwa kwa barafu, kisha natoa lipidi (mafuta) kwa klorofomu na methanoli. Hata majani ambayo hayakupewa ABA yanatoa asidi fosfatidiki tele. Nakosea wapi?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Kosa liko kinuni. Kimeng'enya fosfolipesi D (PLD) hukata kichwa cha fosfolipidi, yaani mafuta ya utando wa seli, na kuacha asidi fosfatidiki. Jani likijeruhiwa, kalsiamu hupanda ndani ya seli na kukivuta kimeng'enya hicho hadi kwenye utando, nacho huanza kukata papo hapo. Barafu haitoshi kukizuia. Ulichopima ni jeraha, wala si ABA.

Kiue kwa joto kwanza. Tia mililita 3 za isopropanoli yenye BHT 0.01% kwenye tyubu ya kioo (klorofomu itakayofuata hushambulia plastiki nyingi), uipashe hadi nyuzijoto 75 kabla hujagusa mmea. Kata jani, litumbukize lote mara moja, liache dakika 15. BHT huzuia mafuta yasioksidike. Tumia bafu la maji, kamwe si moto wa wazi: isopropanoli huchemka kwenye nyuzi 82 na mvuke wake huwaka.

Likipoa, ongeza mililita 1.5 za klorofomu na 0.6 za maji, utikise saa moja, kisha uhamishie kimiminika kwenye tyubu nyingine. Jani lioshe tena na tena kwa mililita 1 ya klorofomu na methanoli (2:1) mpaka libaki jeupe, na kila mara changanya na kile cha kwanza. Mabaki ya jani usiyatupe. Yakaushe usiku kucha kwenye nyuzi 105 uyapime, kwani hesabu yako ya lipidi itagawanywa kwa uzito huo mkavu.

SWALI: Asidi hiyo si uchafu tu wa utando uliovunjika? Inahusianaje na stomata, vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke wa maji?

JIBU: Ni ujumbe. Protini ABI1 ndiyo breki ya ABA. Asidi fosfatidiki huishika na kuing'ang'aniza kwenye utando, breki ikalegea, stomata zikafunga. Arabidopsis isiyo na PLDα1 (aina mojawapo ya fosfolipesi D) husuasua kufunga stomata na hupoteza maji zaidi.

SWALI: Nimeshauriwa nizime fosfolipesi D kwa butanoli, aina ya pombe. Ni sahihi?

JIBU: 1-butanoli haikizimi kimeng'enya, inakipotosha. Fosfolipesi D huipenda kuliko maji, hivyo badala ya asidi fosfatidiki hutengeneza fosfatidilibutanoli, na ujumbe haufiki. Kando yake weka mimea iliyopewa tert-butanoli kwa kiwango kilekile. Hiyo kimeng'enya hakiwezi kuitumia. Mimea yote miwili ikidumaa sawa, umeona sumu ya pombe tu.

Hata ikitofautiana, usishangilie mapema. 1-butanoli huvuruga pia mikrotubuli (vijiti vya protini ndani ya seli), nazo ndizo huelekeza seli irefuke upande gani. Kwa hiyo mzizi uliopinda au kufupika hautoshi kuwa ushahidi. Rudia jaribio kwa mmea usio na jeni ya PLD unayoishuku. Sisi matokeo ya butanoli pekee hatuyaamini.